Shemeji wa Kibiriti

Tarehe 9 Februari

Baba Profesa,

Hujambo huko kwenye vumbi lako? Huku wote wazima, ukiacha kiuno changu, ambacho kimeamua kustaafu kabla yangu. Mvua imenyesha na paa limevuja palepale ulipoziba wewe, kwa hiyo usijisifu tena mbele za watu. Binti yetu Profesa alitolewa darasani juzi. Aliulizwa kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani, akajibu kwamba nyumbani kwao kazi zote anafanya mama. Niliitwa shule nikiwa na sare ya kazini, nimelowa jasho, nikamwombea msamaha kwa kusema ukweli.

Kule hospitali ile mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka imekufa tena. Tunapiga kwa mkono, wodi baada ya wodi. Nikirudi nyumbani naona kila kitu kina mikunjo, hata watoto.

Sasa kaa vizuri nikupe ya leo. Unajua mdogo wangu amehamia hapa ili amwangalie Kibiriti nikiwa kazini. Anamwogesha, anamlisha, wanashinda pamoja kutwa. Na wewe anakuita shemeji, kama alivyokuita siku zote, mtoto anasikia. "Barua ya shemeji imefika." "Hicho kiti cha shemeji, shuka." "Shemeji angekuona angekuchapa." Mtoto hajafikisha miaka minne, na tangu aanze kutembea umemwona kwa likizo mbili tu. Unadhani ameshika nini? Jana nakoroga uji, ananivuta sketi, anauliza kwa heshima zote, "Mama, shemeji atakuja lini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikanyanyuka nikaendelea kukoroga, maana uji ulikuwa unaungua na hakuna mwingine wa kukoroga.

Mkataba wako si unaisha Juni, na unarudi moja kwa moja? Ndivyo ulivyosema. Niandikie tena hivyohivyo, nimsomee Profesa anyamaze. Na mimi ninyamaze.

Mkeo, mwenye mikunjo


Tarehe 2 Machi

Mama Profesa,

Barua yako imechelewa kwa sababu lori la mafuta, ambalo ndilo posta yetu, lilikwama kwenye tope. Dereva wake alikuja na barua zetu amezificha ndani ya kofia. Yako ilikuwa inanuka jasho na dizeli lakini niliibusu hivyohivyo, wenzangu wakaniimbia kutwa. Mimi ni mzima. Kikohozi kimepungua. Mpishi wetu bado anaunguza maharage, na akiambiwa ananuna, kisha anaunguza na wali.

Hiyo ya Kibiriti imenichekesha mpaka nimezima greda. Hebu tuipige hesabu wewe na mimi. Kama mimi ni shemeji yake, basi wewe ni dada yake. Ina maana nimeoa mtoto wa watu ambaye ana mdogo wake mkorofi, na huyo mdogo anakalia kiti changu bila ruhusa. Mwambie shemeji yangu mdogo kwamba nina malalamiko. Anapokojoa kitandani ajue shemeji mtu haingilii mambo ya ukweni.

Umenikumbusha chumba chetu cha kwanza, kile cha ukuta wa mbao, jirani akigonga kila tukicheka. Ulikuwa unaleta mashuka ya hospitali nyumbani siku zile mashine zikizidiwa, tunayakunja wawili, wewe pembe hizi mimi pembe zile, tunakutana katikati. Ulikuwa unanisema kwamba nakunja kama mtu anayekimbizwa. Nayakumbuka sana yale mashuka. Huku naendesha greda kutwa nzima, nasawazisha kifusi cha barabara, nageuka, nasawazisha tena, na hakuna wa kukutana naye katikati.

Kuhusu mtoto, mwonyeshe ile picha yetu ya ndoa. Mwelekeze kidole, mwambie baba. Watoto hushika kwa macho.

Msimamizi ananiita, kuna lori limemwaga kifusi vibaya. Wasalimie wote.

Shemeji wenu


Tarehe 28 Machi

Shemeji yetu,

Salamu zako zimepokelewa na kila mtu kwa cheo chake. Sisi wazima. Profesa meno mawili ya mbele yameng'oka na sasa akibisha anatema mate. Kiuno changu kinasema kinakusalimu.

Picha haikusaidia. Nilimkalisha Kibiriti mapajani baada ya kuoga, nikamwonyesha. Nani huyu? Mama. Vizuri. Na huyu aliyevaa suti ya kuazima? Akatazama sana, akasema, "Shemeji, lakini amenyoa." Mdogo wangu akaangua kicheko, nikamfukuza sebuleni. Nikamwambia mtoto, huyu ni baba yako. Akanitazama usoni kama ninavyomtazama Profesa akinidanganya.

Basi nikamkataza mdogo wangu kutamka shemeji ndani ya nyumba hii. Nikamwambia aseme Baba Kibiriti. Siku tatu akajitahidi, maskini, anaanza "she" anajiuma ulimi. Unajua matokeo? Mtoto amekwenda kwa jirani kutangaza kwamba mama yake anaandikiwa barua na mwanamume mwingine anaitwa Baba Kibiriti, na shemeji hajui. Jirani alikuja kuomba chumvi na macho yamemtoka. Nilimpa chumvi, na maelezo nikamnyima, kwa sababu nilikuwa nimesimama tangu alfajiri.

Nachoka, mume wangu. Nakutania lakini nachoka. Juzi nililala nimeshika pasi, wenzangu wakaiondoa mkononi. Usiku, kabla sijasinzia, najiambia basi ni mpaka Juni.

Hukunijibu kuhusu Juni. Nimeisoma barua yako mbele na nyuma, nimekuta mpishi, nimekuta mashuka, Juni sikuikuta.

Mkeo


Tarehe 24 Aprili

Mama Profesa,

Natumaini mu wazima, mimi sijambo. Samahani kwa kuchelewa, kazi imebana. Tumefika kwenye mwamba na kila siku tunapasua. Masikio yananguruma hata nikiwa nimelala.

Mambo ya jirani yamenichekesha. Mwambie Kibiriti huyo Baba Kibiriti nitamkomesha mwenyewe. Profesa naye asichekwe anapotema mate, atajifunza kunyamaza na akishanyamaza mtoto yule tutamkosa. Kiuno chako kitunze. Waombe wakuweke kwenye kuhesabu nguo badala ya pasi. Unaona haya kuomba, lakini omba.

Msimamizi ananisifu siku hizi. Anasema hakuna anayelaza barabara kama mimi. Juzi alileta wageni wakaitazama kazi yangu, wakavua kofia, wakapiga picha greda.

Mengine tutaongea nikija likizo mwisho wa Juni.

Mumeo


Tarehe 16 Mei

Baba Profesa,

Sisi wazima.

Jumanne nilikuwa nakusanya mashuka wodi ya wazazi, nikamkuta mke wa fundi makenika wenu amejifungua. Nikampongeza, mtoto ana sura ya baba yake, maskini. Akaniambia, tuvumilie tu mwenzangu, si wameongezewa miaka miwili. Nikasema nani? Akasema wote wa mitambo, barabara imeongezwa mpaka mpakani, mumeo hajakwambia? Nikamwambia ameniambia, nimesahau tu kwa uchovu. Nikabeba mashuka yangu nikatoka. Nilikuwa nimeshika mashuka machafu kifuani kama mtoto, sikumbuki nimefikaje chumba cha kufulia.

Likizo mwisho wa Juni. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani umekosea neno. Mtu anayerudi nyumbani haendi likizo nyumbani.

Sikugombezi kwa kutafuta kazi. Nimekuwa nikikunjia watu mashuka miaka yote hii, najua kazi ni nini. Nakugombeza kwa kuniacha nihesabu miezi ya uongo. Umesaini au hujasaini? Hilo tu. Usiniletee mpishi, usiniletee mwamba.

Na huyu mdogo wangu nimemruhusu akuite anavyotaka. Tumechoka kujiuma ndimi.

Mimi


Tarehe 5 Juni

Mke wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo mwilini.

Sijasaini. Karatasi iko mezani kwa msimamizi tangu Machi na kila asubuhi ananiuliza, namwambia kesho. Wenzangu wote wamesaini, mimi ameniongezea miezi miwili tu ya kufikiri. Nimekupiga chenga kwa sababu sikuwa na jibu, na kukwambia sina jibu niliona ni vibaya zaidi.

Uliniambia nisikuletee mwamba. Basi nakuletea hili, na usimwonyeshe mdogo wako. Likizo ile ya mwisho niliamka mapema nikasema nikuchemshie chai. Sikujua vikombe viko wapi. Mmehamisha kabati. Nilifungua kila mlango, Profesa akaja akanipa kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni. Kibiriti alilia nilipombeba. Ninyi mna mwendo wenu, mnaoga kwa zamu, mnacheka mambo nisiyoyajua, na mimi nilikaa kwenye kile kiti siku zote nikiogopa kushika kitu. Nilihesabu siku za kurudi kambini. Mimi, mume wako, nilihesabu.

Huku nikipanda greda kila kitu kiko mkononi. Huku ndiko watu wanakonihitaji. Huko nyumba inajiendesha. Sasa ikiwa mtoto ananiita shemeji, mimi nani wa kumbishia? Nilicheka kwenye barua, ndiyo. Sikucheka siku nzima.

Nakuja mwisho wa mwezi. Niache nitazame.

Mumeo


Tarehe 20 Julai

Baba Profesa,

Umefika kambini salama, nimesikia kwa dereva wa mafuta. Sisi wazima. Profesa ana homa kidogo. Mdogo wangu amepata nafasi ya chuo na chumba karibu nacho, atahama Agosti.

Siku zote zile ulizokuwa hapa hatukuongea. Tulisema paa, tukasema shule, tukasema dawa ya kiuno. Usiku, mmoja wetu alikuwa anajifanya amelala, na siku nyingine mwingine. Nilikuona ulivyosimama mlangoni siku uliyofika, Kibiriti amekuja mbio kukupokea mzigo, amelelewa vizuri, akasema, "Shikamoo shemeji, karibu kiti." Ulicheka kuliko sisi sote. Kisha ukaenda kunawa uso uani, ukanawa muda mrefu sana. Sikukufuata. Nilitaka kukufuata lakini nilikuwa na hasira na miguu ilikuwa inauma. Ukaondoka, ile karatasi hukuitaja, na mimi sikuiuliza.

Sasa nikupe yaliyotokea wiki hii. Nimempeleka Kibiriti kuandikishwa shule ya chekechea. Mwalimu ni binti mpole, anaongea na mtoto kwanza peke yake, mzazi unakaa nje kwenye benchi. Walipotoka yule mwalimu akanishika mikono yote miwili. Akanipa pole. Akasema mtoto amemweleza vizuri kabisa, hana baba, ila ana shemeji anaendesha greda na huwa anakuja kuwatazama. Akasema ni wanaume wachache siku hizi wanaokumbuka watoto wa marehemu.

Ungetegemea nicheke. Ni kichekesho, naona hata mimi. Au nimsahihishe, niseme hapana mwalimu, baba yake yu hai, shemeji ni jina analomwita mdogo wangu. Lakini ilibidi nianzie mbali, nieleze shemeji, nieleze mdogo wangu, nieleze barabara, nieleze kwa nini mtoto hajui. Nilikuwa nimetoka zamu, nilikuwa nanuka sabuni, benchi lilikuwa gumu. Nikasema, "Asante mwalimu, tumeshazoea."

Nimepokea pole ya msiba wako, mume wangu. Na nilipofika njiani nikagundua kwamba ilinikaa vizuri. Ni mtu wa kwanza miaka mingi kunishika mikono na kuniambia pole.

Hilo ndilo limeniogopesha mpaka nimekuandikia. Umesema nyumba inajiendesha. Haijiendeshi, naisukuma mimi. Vikombe tulivihamisha kwa sababu kabati lilianguka na nikashindwa kulinyanyua peke yangu, tukaliacha lilipoangukia. Hukujua vikombe viko wapi kwa sababu hukuuliza, na sisi hatukukuonyesha kwa sababu tulidhani umekuja kupumzika. Ukitaka kusaini, saini. Lakini usisaini kwa kudhani hapa hapana kazi.

Mkeo


Tarehe 11 Agosti

Mke wangu,

Mu wazima? Mimi mzima, kinyume na taarifa za chekechea.

Barua yako niliisomea juu ya greda. Nikashuka, nikaenda ofisini na vumbi langu, nikamwambia msimamizi naomba ruhusa ya msiba, niondoke moja kwa moja. Akavua miwani, akauliza nani amefariki. Nikamwambia mimi. Akadhani jua limenipiga. Nikamweleza yote, ya shemeji yote, ya mwalimu yote. Alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akasema yeye ana mtoto ambaye siku hizi wakipigiana simu anamwita mkuu. Akaichukua ile karatasi mezani akaikunja akaitia mfukoni mwake, sijui ya nini.

Nitafunga kipande hiki cha barabara mpaka mwisho wa mwezi, nisiwaachie wenzangu mashimo. Kisha nakuja na mizigo yote. Sina kazi huko na sijui nitashika nini. Nina woga, naukubali. Nitauliza vikombe.

Nilitaka kukuandikia mengi kuhusu hiyo pole uliyoipokea. Nimeyaandika na kuyafuta. Pole, mke wangu. Hiyo yangu ichukue sasa, nitaileta tena kwa mikono.

Mumeo


Tarehe 14 Oktoba, mezani

Mama Profesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta ukivua viatu, maana nimeiegemeza kwenye birika. Sisi huku nyumbani kwako hatujambo. Nani angesema tutakaa nyumba moja na bado tuandikiane. Wewe unatoka kwenda hospitali mimi nimelala, mimi natoka kwenda kuendesha lori la maji wewe hujarudi, na tukikutana usiku mmoja wetu anakoroma katikati ya sentensi. Jana ilikuwa wewe. Nilikuwa nakusimulia jambo la maana.

Habari za familia. Profesa alienda shule amekasirika kwa sababu nimemsuka nywele kama zimepigwa na greda, maneno yake hayo. Mwalimu wa chekechea bado ananitazama kwa heshima ya ajabu, tangu nilipomweleza anaona haya kuliko mimi. Wali wa jana umebaki, umeungua kidogo chini, usiseme neno.

Sasa jambo lenyewe. Asubuhi nilikuwa namvalisha Kibiriti lile gauni lenye shingo nyembamba. Alikataa nimsaidie, anajua mwenyewe. Unajua tangu nije haniiti. Uliniambia niache, nisimbembeleze, nimeacha. Neno shemeji ameliacha siku alipoona sirudi kambini, na badala yake hakuweka kitu. Akinihitaji ananigusa goti.

Basi akaingiza kichwa, kikakwama. Mikono juu, gauni limemfunika uso, anazunguka chumbani anagonga ukuta. Akaita mama. Ulikuwa kazini. Akaita mama mdogo, ambaye amehama tangu Agosti. Akamwita Profesa, ameshaondoka. Mimi nilikuwa hapohapo, mbele yake, nimenyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza. Nadhani nilikuwa nangoja na mimi zamu yangu, na nilikuwa naogopa kwamba haitafika. Akasimama. Kisha kutoka ndani ya gauni, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu ufunguo asioujua, akasema, "Baba?"

Nikasema naam. Nikalivuta gauni, kichwa kikatoka, nywele zimesimama. Alinitazama kwa mshangao kabisa. Akasema, "Kumbe ukiitwa unaitika."

Nikamwambia ndiyo, naitika.

Akataka kuhakikisha. Akaenda chumba cha pili akaniita. Nikaitika. Akaenda uani akaniita, nikaitika. Akajificha nyuma ya tangi la maji, akaita kwa kunong'ona ili nishindwe, nikaitika. Tumechelewa chekechea, na mimi nimechelewa kazini, na kiuno kimeanza kuniuma kama chako kwa kuinama kumvalisha viatu huku nikiitika.

Nimechoka sana leo, mke wangu. Ukifika, niamshe.

Mumeo